Shajara ya Mradi: Siku Tano Mjini na Watoto Watatu kwa Bajeti Finyu

Msafara ni watu wazima wawili na watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11. Usiku ni nne: nusu siku ya kufika, siku tatu kamili, na nusu siku ya kuondoka. Jina la mji limeachwa kwa makusudi, na fedha haziandikwi kwa sarafu yoyote. Bajeti nzima imehesabiwa kuwa mafungu 100, ili kila mzazi achukue kiasi alichonacho, akigawe kwa mia, kisha afuate hesabu hizi kwa fedha zake mwenyewe.

Mradi wote unaongozwa na jambo moja. Bajeti ya safari na watoto haivuji sana kwenye dirisha la tiketi, maana bei ya tiketi inajulikana mapema. Huvuja saa ile mtoto amechoka, njaa imemshika, haja imembana na kitanda kiko mbali. Mzazi aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kulinganisha bei. Atapanda teksi ya kwanza na kununua chakula kwenye mlango wa kwanza. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini umepimwa kwa maswali mawili: unakula mafungu mangapi, na unamweka mtoto umbali gani na chakula, choo na kitanda.

Wiki ya 12 kabla ya safari: mgawanyo wa kwanza

Usafiri wa kwenda na kurudi 30. Malazi 31. Chakula 16. Usafiri wa ndani ya mji 6. Viingilio 5. Hati, bima na dawa 2. Akiba 10.

Akiba imetengwa kabla ya kingine chochote. Ikisubiri kuwa "kitakachobaki", haitabaki. Inawekwa mahali pake, na haiguswi wakati wa kupanga hata pale malazi mazuri yanapozidi kidogo.

Tarehe zimechaguliwa baada ya kukagua mambo matatu: likizo ya shule, matukio makubwa mjini yanayopandisha bei ya vyumba (mashindano, mikutano, sikukuu), na siku ambazo sehemu tunazozitaka hufungwa. Hili la tatu husahaulika sana. Majumba mengi ya makumbusho hupumzika siku moja ya wiki, na si lazima iwe siku moja kwa yote: mjini Paris, Louvre hufunga Jumanne, Musée d'Orsay hufunga Jumatatu. Familia iliyopanga usiku mbili tu inaweza kujikuta siku yake kuu imeangukia mlango uliofungwa.

Wiki ya 11: nani anahesabiwa mtoto

Wiki hii imetumika yote kusoma masharti, na imestahili. Kila mtoa huduma ana kipimo chake cha utoto, na mtoto mmoja anaweza kuwa mtoto asubuhi kwenye basi na mtu mzima mchana kwenye lango la makumbusho.

Mifano inaonyesha tofauti zilivyo. Kwenye treni za chini ya ardhi za London, mtoto aliye chini ya miaka 11 husafiri bure akiwa na mtu mzima aliyelipa nauli, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja. New York hupima urefu badala ya umri: watoto hadi watatu wasiozidi inchi 44, yaani karibu sentimita 112, hupita bure na mtu mzima mwenye nauli. Louvre humwingiza bure aliye chini ya miaka 18. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington hayatozi kiingilio kwa yeyote. Luxembourg iliondoa nauli za usafiri wa umma nchi nzima mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza la treni.

Kwa hiyo jedwali letu lina safu ya kila mtoto, na chini yake umri siku ya safari, urefu kwa sentimita, na kitambulisho kinachothibitisha. Urefu umepimwa mtoto akiwa na viatu, kwa sababu langoni hakuna anayevua viatu. Mtoto wa miaka 11 ndiye mwenye utata: kwa sharti la "chini ya 11" analipa, kwa sharti la "hadi 11" halipi. Neno moja kwenye sharti linabadilisha fedha, kwa hiyo sharti hunakiliwa lilivyoandikwa, bila kulifupisha kuwa "watoto bure".

Kwa wenye mtoto mchanga: mashirika mengi ya ndege humruhusu aliye chini ya miaka 2 kupakatwa bila kiti chake. Kinachoangaliwa ni umri siku ya kila safari. Akitimiza miaka 2 mkiwa huko, kurudi atahitaji kiti na nauli ya kiti.

Wiki ya 10: nauli kuu

Kulikuwa na chaguo mbili. Ya kwanza mafungu 25, kufika saa 5 na nusu usiku. Ya pili mafungu 28, kufika saa 9 alasiri. Tofauti ya 3 inavutia macho, lakini kufika usiku kuna gharama zake: teksi 1.5 badala ya usafiri wa umma 0.6, yaani nyongeza ya 0.9, na ada ya kupokelewa usiku 0.8. Jumla inakuwa 26.7. Akiba halisi ni 1.3 tu, na kwa 1.3 hiyo tunatoa asubuhi ya siku ya kwanza kamili, maana watoto waliolala saa 7 usiku hawaamki wakiwa na nguvu za mji mgeni. Asubuhi ziko tatu. Kuuza moja kwa 1.3 ni biashara mbaya. Imechukuliwa ya mafungu 28, na kurudi kunaanza saa 7 mchana.

Tahadhari ya saa ni ya lazima kwa msomaji wa Kiswahili. Tiketi huandika 15:00, nasi tunasema saa 9 alasiri. Katika ratiba ya familia saa zimeandikwa zote mbili, ya tiketi kwanza, kisha ya kusema: "15:00, saa 9 alasiri". Bibi au mjomba anayekuja kuwapokea akiambiwa "saa tisa" bila "alasiri", anaweza kufika kwa saa nyingine kabisa. Kosa lingine ni la usiku wa manane: chombo kinachoondoka 00:10 Jumamosi huondoka usiku ambao watu bado wanauita Ijumaa. Wengi hukosa safari hiyo kwa saa 24 kamili, na nauli hairudi.

Mizigo: nauli ya chini mara nyingi haina begi la kuhifadhiwa wala viti vya pamoja. Bei zote mbili hapo juu zimehesabiwa baada ya kuongeza begi moja kubwa na viti vinavyofuatana kwa mtoto wa miaka 3 na mzazi. Kulinganisha bei kabla ya hapo ni kulinganisha vitu visivyofanana.

Wiki ya 9: malazi

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu zaidi, na tungemshauri kila mzazi akae hapa pia. Sehemu tatu ziliingia fainali, zote kwa bei ya usiku nne yenye ruhusa ya kufuta bila kukatwa.

Pembezoni: mafungu 26. Dakika 40 hadi katikati, kubadilisha chombo mara moja, na tiketi ya siku ya kanda mbili za nauli ni 2.4 kwa familia.
Katikati: mafungu 33. Chumba kimoja, hakuna jiko. Safari mbili za basi kwa siku, kila moja 0.6, yaani 1.2.
Kati kwa kati, yaani baina ya pembezoni na katikati: mafungu 30. Dakika 14 kwa treni bila kubadilisha, jiko dogo, friji, kituo mita 300 kutoka mlangoni. Tiketi ya siku ya kanda moja ni 1.8.

Kwa siku tatu kamili, katikati inatoka 33 na 3.6, yaani 36.6. Kati kwa kati 30 na 5.4, yaani 35.4. Pembezoni 26 na 7.2, yaani 33.2, na kwa karatasi ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana watu huichagua.

Lakini ratiba ya mtoto wa miaka 3 inadai kurudi kulala mchana. Kurudi pembezoni ni dakika 40 kwenda na 40 kuja, pamoja na safari ya asubuhi na ya jioni: saa 2 na dakika 40 za siku zinaishia ndani ya chombo. Familia nyingi huacha kurudi, na mtoto hulala begani au halali kabisa. Kufika jioni amezidiwa, basi la pili limechelewa, teksi inaitwa. Teksi ya 1.5 kwa jioni tatu ni 4.5, na pembezoni inafika 37.7, ghali kuliko zote. Kati kwa kati imechukuliwa.

Kabla ya kulipa, maswali haya yalitumwa kwa mwenye nyumba kwa maandishi, na majibu yakahifadhiwa:

Bei imejumlisha ada ya usafi na kodi ya wageni? Kodi hiyo mara nyingi hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na watoto wa umri fulani husamehewa. Amana ni kiasi gani, na hurudi baada ya siku ngapi? Ghorofa ya ngapi, na lifti ipo na inafanya kazi? Vitanda vingapi halisi, na kochi la kukunjua linahesabiwa kitanda? Madirisha yana kizuizi? Mizigo inaweza kuachwa kabla ya saa ya kuingia na baada ya saa ya kutoka? Ndani ya jiko kuna sufuria, kisu na birika, au kuna jiko tupu?

Swali la mwisho linaonekana dogo. Jiko lisilo na sufuria halipiki, na sufuria ikinunuliwa huko ndiyo akiba ya chakula cha jioni imekwenda.

Bei isiyoruhusu kufuta ilikuwa 28. Tofauti ya 2 imelipwa kwa moyo mweupe, kwa kuwa watoto huugua bila kutoa taarifa. Tarehe ya mwisho ya kufuta bure imeandikwa kwenye kalenda ya simu zote mbili, na kengele imewekwa siku mbili kabla.

Wiki ya 7: viingilio

Kadi ya mji ya saa 48, ile inayofungua sehemu nyingi kwa malipo ya mara moja, ilitolewa kwa 2.6 mtu mzima na 1.3 mtoto. Wa miaka 3 ni bure. Jumla 7.8. Kiingilio cha familia kwenye sehemu za aina tuliyotaka ni karibu mafungu 2, kwa hiyo kadi inajilipa tukiingia sehemu nne ndani ya saa 48. Mtu mzima peke yake anaweza. Familia hii inaweza sehemu moja ya kulipia kwa siku, na ya pili huishia kwa kilio mlangoni. Kadi imekataliwa.

Badala yake tumechukua sehemu mbili za kulipia. Ya kwanza, tiketi moja moja zingefika 2.4, lakini tiketi ya familia ya wakubwa wawili na watoto wawili ni 2.1. Mtoto wa miaka 3 huingia bure, hivyo tiketi hiyo inatutosha sawasawa. Familia yenye watoto watatu wote wa kulipiwa isidhani tiketi ya familia inawabeba: nyingi huishia watoto wawili, na wa tatu hulipiwa peke yake. Ya pili ni 1.9. Jumla 4.0, chini ya 5 zilizopangwa.

Wanaochagua kadi au tiketi ya saa waangalie inahesabu nini. Tiketi ya "saa 24" ikigongwa saa 8 mchana hufanya kazi hadi saa 8 mchana kesho yake, na hapo inahudumia nusu siku mbili. Tiketi ya "siku moja" hufa usiku wa siku ileile hata kama imegongwa jioni. Majina yanakaribiana, thamani haikaribiani.

Tiketi zote mbili zimechukuliwa kwa nafasi ya kwanza ya asubuhi, saa 3 na saa 4. Foleni ni fupi, vyoo ni safi, na watoto wamejaa nguvu.

Wiki ya 5: ratiba

Ratiba imejengwa kwa usingizi, halafu vivutio vikapachikwa ndani yake. Madaktari wa usingizi hupendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, usingizi wa mchana ukiwemo, na saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12. Mtoto wa miaka 3 akiamka saa 1 asubuhi na kulala saa 2 usiku, amepata 11 za usiku, na saa moja ya mchana inamweka pazuri. Tukimnyima ya mchana siku ya kwanza, deni linalipwa siku ya pili na ya tatu, na linalipwa na wote.

Siku ya kawaida inakwenda hivi. Saa 1 kuamka na kifungua kinywa nyumbani. Saa 2 na nusu kutoka. Saa 3 hadi 5 na nusu jambo kuu la siku. Saa 6 chakula cha mchana. Saa 7 kurudi, saa 7 na nusu hadi 9 pumziko: mdogo analala, wakubwa wanasoma au kuchora, na mzazi mmoja naye anajinyoosha. Saa 9 na nusu kutoka tena kwenda mahali pa bure penye nafasi ya kukimbia: bustani, ufukwe, uwanja wa michezo, soko la kutembea tu, kivuko cha bei ya basi. Saa 12 kurudi, chakula, kuoga. Saa 2 mdogo kitandani.

Jambo kuu kwa siku ni moja. Likiongezwa la pili, halipati haki yake, na la kwanza linaharakishwa kwa ajili yake.

Kila siku ina mbadala wa mvua uliopangwa tayari: maktaba kubwa ya mji, ukumbi wa bure, au kupanda treni ya juu kutoka mwisho hadi mwisho kwa tiketi ya siku iliyokwisha kulipwa. Watoto wa miaka 3 na 7 hufurahia sana hili la mwisho, hasa wakipata kiti cha mbele. Mbadala usipoandikwa, mvua hupeleka familia kwenye jengo la maduka, na huko hakuna saa mbili za bure.

Umbali: programu ya ramani huhesabu mwendo wa mtu mzima, takriban mita 80 kwa dakika. Tumezidisha muda wake kwa 2 kila mahali ambapo mtoto wa miaka 3 atatembea kwa miguu. Vyoo vimewekewa alama kwenye ramani iliyopakuliwa simuni, isiyohitaji intaneti, na hakuna kipande cha ratiba kinachozidi dakika 60 bila choo kinachojulikana.

Wiki ya 4: chakula

Hesabu kwa milo ya watu watano: kifungua kinywa nyumbani 0.5, chakula cha jioni nyumbani 0.8, chakula cha kufunga 0.8, mgahawa mchana 2.2, vitafunio na maji 0.3 kwa siku.

Vifungua kinywa 4 ni 2.0. Jioni 4 ni 3.2. Chakula cha njiani siku ya kwenda 1.0. Mgahawa mara mbili 4.4. Cha kufunga mara mbili 1.6. Vitafunio siku 5 ni 1.5. Jumla 13.7.

Mgahawa umewekwa mchana kwa sababu sehemu nyingi zina mlo wa mchana wa bei nafuu kuliko ule wa jioni, na kwa sababu saa 6 mtoto bado anaweza kukaa mezani. Saa 1 usiku hawezi. Agizo la kwanza liwe la mtoto mdogo, lije lenyewe likiwa tayari, badala ya kusubiri sahani zote zije pamoja.

Vitafunio hutolewa kabla ya njaa, saa 4 na nusu asubuhi na saa 10 alasiri, bila kusubiri kuombwa. Tunda, mkate, yai la kuchemsha, kitu kisichoyeyuka wala kuvuja. Chupa tano za nusu lita, zijazwe kila penye bomba la maji salama. Uzito wa maji ya watu watano ni kilo 2 na nusu, kwa hiyo kila mwenye miaka 7 na kuendelea abebe yake.

Watoto wa miaka 7 na 11 wamepewa 0.2 kila mmoja kwa siku, siku tatu: jumla 1.2. Ni fedha yao, wachague wenyewe, na ikiisha imeisha hadi kesho. Ombi la "ninunulie" linageuka kuwa "je, zangu zinatosha?", na mtoto wa miaka 11 hujifunza kulinganisha bei kwa bidii ya kushangaza. Mdogo hugawiwa kutoka kwenye vitafunio. Chakula na fedha zao: 14.9.

Wiki ya 3: zoezi la nusu siku

Zoezi limefanywa mahali pa kawaida, kwa begi lenyewe, viatu vyenyewe na kigari chenyewe. Kipimo: mita 800, ambazo ramani huzipa dakika 10, zilichukua dakika 13 mdogo akiwa kwenye kigari na 24 akitembea. Kuzidisha kwa 2 kunaonekana kuwa kiwango cha chini.

Mtoto wa miaka 3 hutembea vizuri, lakini kigari kinakwenda kwa sababu ndicho kitanda chake cha dharura. Kinachofaa hukunjwa kwa mkono mmoja, hubebwa kwa kamba begani, na hupita mlango wa basi. Zoezi lilionyesha hatari inayojulikana kwa vigari vyepesi: begi lililotundikwa kwenye mpini hukaa salama mtoto akiwa ameketi, lakini mtoto akishuka, uzito wote uko nyuma ya magurudumu na kigari huanguka chali. Kikianguka wakati mtoto anapanda, kinamwangusha naye. Begi sasa linakaa mgongoni au kwenye kapu la chini, na breki hufungwa kabla mtoto hajapanda au kushuka.

Viatu vipya vimepigwa marufuku. Kila mtu anavaa vilivyokwisha kuzoea mguu.

Wiki ya 2: hati, dawa, kupotea

Kila mtoto ana hati yake ya kusafiria ikiwa kuna mpaka wa kuvukwa. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 au zaidi ya uhai, na mara nyingi hati za watoto huisha mapema kuliko za wakubwa. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwenzake. Nakala ziko kwenye simu mbili na karatasi moja iliyo mbali na hati zenyewe.

Begi la dawa: parasetamoli ya maji pamoja na kijiko au bomba lake la kupimia, uzito wa kila mtoto umeandikwa kwenye kadi kwa sababu dozi hufuata uzito, plasta, kipimajoto, dawa zozote za kila siku zikiwa kwenye pakiti zake, na pakiti za ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini. ORS huchanganywa kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Kupunguza maji ili "iwe kali" ni hatari kwa mtoto.

Kupotea kumezungumzwa na watoto mchana, kwa utulivu, kabla ya safari. Sheria ni tatu. Ukiachwa, simama hapohapo. Mwombe msaada mtu aliyevaa sare ya kazi au mama mwenye watoto. Mlango wa treni ukitutenganisha, uliye ndani shuka kituo kinachofuata na usisogee. Aliyebaki nyuma atakuja na treni inayofuata. Kuhusu treni, mtu mzima mmoja hupanda wa kwanza na mwingine wa mwisho, watoto katikati, kila mara, hata treni ikiwa tupu. Namba za simu za wazazi wote wawili zimeandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya mkono wa nguo, na kila asubuhi watoto hupigwa picha wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo.

Wiki ya mwisho: hali ya bajeti

Usafiri 28. Malazi 30. Chakula na fedha za watoto 14.9. Ndani ya mji 6.6, yaani tiketi za siku 5.4 na safari mbili za kufika na kuondoka 1.2, imezidi kwa 0.6. Viingilio 4.0. Hati, bima na dawa 2. Jumla 85.5. Akiba imekua kutoka 10 hadi 14.5.

Kuna kishawishi cha kugeuza ile 4.5 ya ziada kuwa kivutio cha tatu. Inabaki akiba. Matumizi yaliyoidhinishwa mapema ni haya tu: teksi moja kwa siku bila kujadiliana, ikiwa mtoto ana homa au mvua imeshinda, na kabati la mizigo siku ya kuondoka kama mwenye nyumba atashindwa kupokea mabegi. Kuidhinisha mapema kunaondoa mabishano ya wazazi barabarani.

Fedha za chakula zimegawanywa bahasha tano: 2.1, 3.8, 2.4, 3.8 na 1.6. Za watoto zina bahasha zao. Kilichobaki jioni huhamia bahasha ya kesho, na risiti huingia ndani ya bahasha iliyotoa fedha. Wanaolipa kwa simu au kadi waweke kikomo kilekile cha siku na waandike kila malipo papo hapo, kwani malipo yasiyoshikika mkononi husahaulika haraka.

Mizigo: begi kubwa moja, mabegi mawili ya mgongoni ya wakubwa, begi dogo la kila mtoto mkubwa ambalo atalibeba mwenyewe tangu mlango hadi mlango. Nguo za siku tatu na sabuni ya kufulia. Nepi za usiku za kutosha usiku mbili, zilizobaki zitanunuliwa huko. Nguo kamili ya kubadilisha ya mdogo iko juu kabisa ya begi la mgongoni, ndani ya mfuko wa plastiki ambao utabeba iliyochafuka.

Bado wazi: jibu la mwenye nyumba kuhusu kizuizi cha dirisha la chumba cha watoto, uthibitisho kwamba lifti ya kituo cha kufikia haiko kwenye matengenezo wiki hiyo, chaji ya ziada ya simu inayoshikilia ramani, na soli ya kiatu cha kushoto cha wa miaka 7, ambayo imeanza kuachia mbele na inapelekwa kwa fundi kesho.